Chuo kinataka nikitafutie fedha, na asilimia kumi iwe yangu

Shikamoo mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mama wa watoto wawili, afisa udahili katika chuo kikuu binafsi huku Kanda ya Ziwa. Huu ni mwaka wangu wa tisa kwenye dawati hili. Kila anayeingia chuoni kwetu anapitia kwangu, na anayekatisha masomo kwa kukosa ada naye anapitia kwangu kurudisha kitambulisho. Hao wa pili majina yao siyasahau.

Mtaani najulikana kwa jambo jingine. Nimekuwa mweka hazina wa kamati za harusi na za sendofu mpaka nimepoteza hesabu. Aliyeahidi namfuatilia hadi analipa, na siku ya kuvunja kamati nasoma mapato na matumizi hadi shilingi ya mwisho. Nadhani sifa hizo ndizo zilizomfikia Makamu Mkuu wa Chuo. Mwezi uliopita aliniita ofisini akaniambia kinaanzishwa kitengo kipya cha kutafuta rasilimali, na anataka mimi ndiye nikiongoze. Lengo la mwaka wa kwanza ni shilingi bilioni 2. Mshahara unabaki huu huu wa udahili, ila katika kila kitakachoingia asilimia 10 ni yangu. Usiku nilipiga hesabu nikapata milioni 200. Sikulala.

Nilipomweleza mume wangu alicheka, kisha akanuna. Anasema sikusoma hadi shahada ya uzamili ili niwe omba-omba mwenye ofisi. Mama mkwe naye kaunga mkono.

Halafu kabla hata sijajibu, kuna mkandarasi amenipigia simu kunipongeza (sijui habari kazipata wapi). Yuko tayari kutoa milioni 150 za ukumbi mpya, ukumbi uitwe kwa jina lake. Najua ameomba zabuni ya kujenga bweni letu, na majibu bado hayajatoka.

Na kuna jambo dogo lingine. Mwaka jana mhitimu wetu mmoja, fundi sanifu wa maabara aliyeko Muscat, alituma milioni 12 zinunuliwe darubini sita za maabara aliyosomea. Mimi ndiye niliyemuunganisha na chuo. Mishahara ilikuwa imechelewa miezi miwili, fedha ile ikaingia humo. Ananiandikia WhatsApp kila baada ya wiki mbili: "Dada, naomba picha za darubini." Namjibu zinakuja.

Mama, hii ni kazi ya mtu kuitegemea mpaka astaafu, au ni mtego? Na hiyo asilimia 10 niichukue?

Afisa Udahili, Kanda ya Ziwa

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama palepale, Muscat. Wewe umeiita jambo dogo ukaiweka mwishoni. Mimi nitaanza nayo, maana hizo bilioni 2 huzipati kabla zile milioni 12 hazijapatiwa jibu.

Watu hudhani kazi hii ni ya kuomba. Nimeifanya miaka 22, katika hospitali na shule za misheni, na nikizikumbuka siku zangu zote, za kuomba hazifiki hata moja katika kumi. Zilizobaki ziliishia kwenye mambo yasiyoonekana: kujua nani katoa nini na kwa ajili gani, kukimbizana na mhasibu ili fedha ya visima isinunue matairi, kuandika barua ya shukrani kabla wiki haijaisha, kumpeleka mtoaji akaone kwa macho yake. Mwaka wangu wa tatu kazini nilimtumia mzee mmoja picha ya kisima kisichokuwa chake. Niliona visima vyote vinafanana, nani atajua. Kumbe alikuwa ameshafika kijijini kimyakimya mwezi mmoja kabla, na kisima chake hakikuwa na maji. Hakunigombeza. Hakupokea tena simu yangu, basi, na wala sikumlaumu.

Huyo kijana wa Muscat ni mtoaji bora kuliko mkandarasi wako mara mia. Amesoma hapo, anajua darubini za zamani zilivyo na ukungu, amejinyima ugenini akatuma. Kuna wenzake pia. Wahitimu walioko Oman, Qatar na kwingineko wana makundi yao ya simu, na habari ya milioni 12 iliyopotea inafika kule kabla chai haijapoa. Kwa hiyo kabla hujasaini chochote, rudi kwa Makamu Mkuu wa Chuo. Mwambie kwa adabu kwamba fedha ile ilikuja na sharti lake, na chuo kilipoipokea kilikubali sharti. Omba barua yenye tarehe: darubini zitanunuliwa lini, kutoka fungu lipi. Kisha mpigie kijana. Usimwandikie, mpigie. Mwambie fedha yake ilitumika kwa jambo jingine bila ridhaa yake, mwombe radhi, msomee barua ya chuo, halafu mpe hiari: asubiri, au arudishiwe. Na ile "zinakuja" yako, mwanangu, umeisema mara ngapi? Hiyo nayo iombee radhi, kwa jina lako mwenyewe.

Makamu Mkuu akikataa kuiandika barua hiyo, basi ameshakujibu kuhusu kazi nzima. Baki udahili.

Akikubali, tuendelee.

Sifa zako za kamati za harusi sizidharau. Nimewahi kuajiri watu wenye shahada kubwa wasioweza kufuatilia ahadi moja. Lakini usidanganyike kwamba ni kazi ileile. Mchango wa harusi unazunguka: leo unanichangia, kesho nakuchangia, na kadi ikiwa ya watu wawili tunakuja wawili tunakula pilau. Harusi ikiisha kamati inavunjwa, kila mtu na njia yake. Anayekichangia chuo hali pilau, na kamati haivunjwi. Anachopata ni habari tu: yule binti uliyemlipia ada amefika mwaka wa pili, hii hapa barua yake, hivi ndivyo zilivyotumika. Habari zikikatika, naye anakatika.

Jambo jingine la kuliacha kwenye harambee ni kuhesabu ahadi. Unazijua zile sherehe: mgeni rasmi anasimama, "mimi na marafiki zangu", makofi, mfano wa hundi unaokaribia ukubwa wa mlango unapigwa picha. Miezi sita baadaye mfano upo stoo na hundi yenyewe haijaja. Katika ripoti zako weka safu mbili, ahadi na fedha iliyoingia benki, na mtu asikushawishi uzijumlishe.

Sasa asilimia 10. Usiichukue. Najua milioni 200 ni nyingi na mshahara wa udahili naujua, kwa hiyo sikwambii hivi kirahisi.

Chukua mfano. Mfanyabiashara anatoa milioni 50 za ada za wasichana wasiojiweza. Milioni 5 zinaingia kwako. Kama ada yenu ni milioni moja na nusu kwa mwaka, umekula ada ya wasichana watatu na chenji juu. Siku akijua, na atajua, utamtazamaje? Tena mtu anayelipwa kwa asilimia hujifunza haraka. Ataacha kumtembelea bibi mstaafu anayefikiria kukiandikia chuo kiwanja chake katika wosia, kwa kuwa wosia unaweza kuchukua miaka kumi. Atamkimbilia mwenye hundi leo, hata kama fedha yake inanuka. Ataminya. Ndiyo maana chama kikubwa cha wachangishaji wa kitaaluma cha Marekani, AFP, kinawakataza wanachama wake katika kanuni zake za maadili kulipwa kwa asilimia ya walichochangisha. Hata huko kwenye fedha nyingi, wanaoongoza idara hizi vyuoni wanalipwa mshahara, mkubwa tu, na bonasi ikiwepo haikatwi kwenye mkono wa mtoaji.

Kwa hiyo ombi lako kwa Makamu Mkuu liwe mshahara wa mkurugenzi, mkataba wa miaka mitatu, na bajeti ya kitengo. Atakwambia hana. Mwambie asilimia 10 ya bilioni 2 aliyokuwa tayari kukuachia ni milioni 200 kwa mwaka, na wewe unaomba sehemu yake ndogo. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe, si yako.

Kuhusu bilioni 2 zenyewe, huzipati mwaka wa kwanza. Tuseme mna wahitimu 6,000 na nusu yao wana kipato. Ukiwafikia wote hao 3,000 na mmoja katika kila 20 akajibu, una watoaji 150. Kila mmoja akitoa 20,000, hizo ni milioni 3. Makamu Mkuu atacheka. Mwache acheke, wewe andika majina 150. Mwaka wa pili, watakaorudia kati yao ndio hazina, maana humo yumo anayeweza kuwa mkurugenzi wa benki. Michael Bloomberg, tajiri wa Marekani aliyekuwa meya wa New York, alihitimu Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1964. Mwaka uliofuata akakitumia dola 5, ndizo alizokuwa nazo. Mwaka 2018 alikipa chuo hichohicho dola bilioni 1.8 kwa ajili ya wanafunzi wasiomudu gharama. Katikati hapo kuna zaidi ya miaka 50 ya watu wa ofisi kama yako kuandika barua, kupiga simu na kutunza kumbukumbu. Kwenu hatokei Bloomberg, sawa. Anaweza kutokea mtu wa milioni 80, naye huanza na 20,000.

Hapa ndipo dawati lako la udahili linapokubeba kuliko kamati zote za harusi. Unawajua. Unajua nani alilala kwa rafiki mwaka mzima, nani alilipiwa na parokia, nani sasa anamiliki duka la dawa Kahama. Ila tahadhari: namba zao za simu walikupa kwa ajili ya udahili, si kwa ajili ya kuombwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Usihamishe faili la udahili ukalifanya orodha ya wachangiaji. Waombe ridhaa kwanza, kwa ujumbe mfupi au siku ya mahafali, na anayekataa mfute.

Mkandarasi mjibu kwa sentensi moja: ahsante, tutazungumza zabuni ikishaamuliwa. Usile chakula chake, usipokee soda yake. Halafu iombe menejimenti ipeleke kwenye Baraza la Chuo sera ya kupokea misaada: fedha ya nani tunapokea, ya nani hatupokei, nani anaamua, jina kwenye jengo linapatikanaje na linaondolewaje. London School of Economics ni chuo cha heshima duniani, lakini Machi 2011 mkurugenzi wake, Howard Davies, alijiuzulu kwa sababu ya uhusiano wa chuo na Libya ya Gaddafi, ukiwemo msaada wa pauni milioni 1.5 ulioahidiwa na taasisi ya Saif al-Islam, mtoto wa Gaddafi aliyesomea hapohapo. Wao wana wanasheria tele na bado waliteleza. Wewe utakuwa na karani mmoja.

Mumeo na mama mkwe. Hapa sitaki uwajibu kwa hasira, maana aibu wanayoiona ni ya kweli kwa wanavyoitazama kazi. Mweleze baba watoto kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 na kitivo kimoja tu, cha Sheria, wanafunzi hawafiki 20, wakisomea katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Chama kilitoa nyumba yake watoto wakasome. Nairobi nako, Wahindi wa Afrika Mashariki walichanga fedha za kumuenzi Gandhi, wakaamua ziungane na chuo cha ufundi kilichokuwa kikijengwa, na leo hicho ndicho Chuo Kikuu cha Nairobi. Katika kila moja ya hizo habari yupo mtu aliyezunguka akiongea na watu. Hakuna anayemwita omba-omba. Anayeomba kwa ajili ya tumbo lake ni mmoja, na anayesimama kati ya mwenye nacho na mwanafunzi ni mwingine. Lakini ukichukua ile asilimia 10, mume wangu mimi nisingejua nimjibu nini, na wako hutajua pia.

Umeuliza kama ni kazi ya kuitegemea hadi kustaafu. Ndiyo, ingawa kwetu bado ni changa na utakuwa unafyeka njia. Ngazi zake zipo: afisa, meneja wa uhusiano na wahitimu, mkurugenzi, na wengine huishia kuongoza mashirika mazima, maana anayejua fedha inatoka wapi na inakwenda wapi hutafutwa. Ujuzi unahama nawe, hospitali inauhitaji, makumbusho inauhitaji, dayosisi inauhitaji. Kwa mafunzo, Cape Town kuna taasisi iitwayo Inyathelo ambayo imekuwa ikivisaidia vyuo vikuu vya Afrika Kusini kujenga vitengo hivi. Soma wanayoandika kabla ya kufikiria nauli. Kenya wachangishaji wana chama chao. Na pita TEA, Mamlaka ya Elimu Tanzania, inayosimamia Mfuko wa Elimu ulioanzishwa kwa sheria ya 2001, ujue taratibu zao. Wafanyabiashara watakuuliza mapema sana, "risiti hii TRA wanaitambua?" Usiwe unatafuta jibu mbele yao. Kaa na mhasibu wa kodi nusu siku.

Usisahau kuwaambia wakubwa wako sehemu yao, kwa kuwa wengi wakishaajiri mtu wa fedha hukunja mikono. Mkurugenzi huandaa: anamjua mtu, anajua anapenda nini, anapanga chakula cha mchana. Anayefungua mdomo kwa kiasi kikubwa ni Makamu Mkuu mwenyewe, au mwenyekiti wa Baraza. Tajiri hataki kuombwa milioni 100 na mtu asiyeweza kumhakikishia kitu. Na wajumbe wa Baraza watoe wao kwanza, hata kama ni kidogo. Utaulizwa mlango wa kwanza utakaobisha: "Nyie wenyewe mmetoa ngapi?"

Kingine ambacho ningekianzisha mwaka wa pili, si wa kwanza, ni mfuko wa wakfu. Watu wa Pwani hawahitaji kufundishwa hili. Mtu aliweka shamba la minazi wakfu kwa msikiti. Nazi zinaliwa, mnazi haukatwi. Harvard wana wakfu unaozidi dola bilioni 50, kanuni ni ileile ya mnazi: mtaji unawekezwa, kila mwaka inatolewa sehemu ndogo, kama asilimia 5. Kwenu, milioni 500 zilizowekwa vizuri zikitoa milioni 25 kwa mwaka, ni ada ya wanafunzi 16 kila mwaka, hata Makamu Mkuu akibadilika. Lakini wakfu kwenye chuo kinachokopa fedha ya darubini kulipa mishahara ni kupanda minazi kwenye zizi la mbuzi. Dai kwanza akaunti ya benki ya peke yake kwa fedha za wafadhili, yenye saini za watu wawili, mmoja wao kutoka nje ya menejimenti, na ikaguliwe kila mwaka. Hili lisipokuwemo kwenye mkataba wako, usisaini.

Nimekupa mengi, na Makamu Mkuu anasubiri jibu. Jumatatu asubuhi ingia kwake na jambo moja tu, barua ya darubini. Mshahara na mengine yasubiri. Muscat wametutangulia saa moja tu, kwa hiyo jioni ukitoka kazini bado utampata kijana hajalala. Ukishaongea naye niandikie amesemaje.

Mama yako wa safu hii